Burt Munro, mzee aliyezeeka na pikipiki moja

Mwezi uliopita, baada ya sala ya laasiri, mpwa wangu alinipitia barazani akisukuma mzoga wa pikipiki. Nasema mzoga kwa kuwa sikuona jina jingine la kuupa ule mkusanyiko wa chuma. Tangi limeliwa na kutu, kiti hakipo, mnyororo umegandana ukawa kitu kimoja, na panya walikuwa wamejenga penye kichujio cha hewa. Ilikuwa ni zile za motokrosi, zenye madigadi yaliyoinuliwa juu na matairi ya meno, ambazo katika miaka ya 1970 wenye uwezo wao wakizirusha juu ya vilima vya udongo kwa mchezo. Kijana kaiona kwenye jaa la vyuma vikuukuu, kainunua kwa kilo kama inunuliwavyo mbata, na sasa anataka kuifufua irudi kunguruma. Mamake, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, alikuwa amekwisha mpa maneno yake njia nzima, na alipofika kwangu akanitaka mimi mkubwa nimkanye.

Sikumkanya. Nilinyamaza, na kimya changu kilikuwa na sababu. Marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na pikipiki aina ya BSA aliyoipanda kwendea kazini kwa miaka mingi. Alipofariki ilibaki uani, chini ya makuti. Mwaka 1994 nilihitaji nafasi ya kuweka tangi la maji, nikamwita mnunuzi wa vyuma, akaipima, akanipa noti chache, akaondoka nayo juu ya mkokoteni. Pesa zile hazikufika Ijumaa. Mpaka leo, pikipiki kuukuu ikipita njiani kwetu na mngurumo ule mzito wa zamani, mimi hugeuka kutazama ni nani anayekuja.

Basi nilimwambia mpwa wangu akae kitako, dada naye akakaa kwa shingo upande, kahawa ikaletwa, nikawahadithia habari za mzee mmoja wa New Zealand aitwaye Burt Munro. Tulikwenda nayo mpaka adhana ya magharibi. Leo nawapa na nyinyi wasomaji, kwa utulivu zaidi, maana pale barazani nilikuwa nikikatizwa kila hatua.

Jina lake kamili alikuwa Herbert James Munro, na alizaliwa tarehe 25 Machi, 1899, pande za Invercargill. Mji huo uko mwisho kabisa wa kisiwa cha kusini cha New Zealand. Ukiuacha ukazidi kuteremka kusini, utakikuta kisiwa cha Stewart, kisha bahari kavu isiyo na mwenyewe mpaka kwenye barafu. Alizaliwa pacha, lakini dada yake alikufa wakati wa kuzaliwa, na madaktari wakawaambia wazazi kwamba huyu mvulana aliyebaki naye hatapita miaka miwili. Wangojeaji wa mauti yake walingoja miaka sabini na minane.

Alikulia shambani, mahali paitwapo Edendale, kwa baba aliyetaka mwanawe awe mkulima kama yeye. Mtoto hakuwa na moyo wa jembe. Tangu angali mdogo alipenda kitu kiendacho mbio, na kwa kuwa katika siku hizo kilichokwenda mbio shambani kilikuwa farasi, alimpanda farasi mwepesi kuliko wote. Baadaye akapata pikipiki ya kwanza, aina ya Douglas, kisha mwaka 1919 akapata nyingine aina ya Clyno iliyokuwa na kitoroli cha abiria ubavuni. Kitoroli alikiondoa. Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yake maisha yote: kitu chochote kisichoongeza mbio, nje.

Halafu ikaja ile iliyomchukua umri wake. Mwaka 1920 alinunua pikipiki mpya ya Kimarekani aina ya Indian Scout. Hapa dada yangu aliuliza kama iliundwa na Wahindi, nami naona niwaeleze na nyinyi pia. Hawa si Wahindi tuwajuao wa madukani. Jina lile limetokana na wenyeji wa asili wa Marekani, wale ambao wazungu wa mwanzo waliwaita Wahindi kwa kupotea njia, wakidhani wamefika India. Kiwanda kilikuwa katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Pikipiki hiyo ilikuwa na silinda mbili zilizokaa kama herufi V, ujazo wake sentimita za ujazo 600, na mwendo wake wa mwisho ulikuwa kilomita 89 hivi kwa saa. Matatu za Malindi huupita mwendo huo kabla ya kufika Mtwapa, na abiria wakaona bado wanacheleweshwa. Lakini katika mwaka 1920, juu ya barabara za changarawe, mtu aliyekwenda hivyo alihesabiwa kuwa ana wazimu.

Kuanzia mwaka 1926 Munro akaanza kuibadilisha, na hakuacha mpaka nguvu zilipomwisha. Nataka tukae hapa kidogo, kwa kuwa uhodari wake wote uko hapa, na wengi wanaomsimulia hupapita mbio wakimbilia kwenye rekodi.

Kwanza hakuwa na pesa. Fundi mwenye pesa huandika barua kiwandani, kipuri kikaja kwenye sanduku kimefungwa karatasi za mafuta. Munro alikuwa mchuuzi na fundi wa pikipiki katika duka, mwenye mke na watoto, na kiwanda kiko ng'ambo ya bahari kuu. Isitoshe, mwaka 1953 kiwanda chenyewe kikaacha kuunda pikipiki pale Springfield. Tangu hapo, mtu mwenye Indian ya 1920 alikuwa kama mwenye saa ambayo fundi wake amekufa na siri yake. Vilivyovunjika lazima avifanye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa chuma chochote akipatacho.

Naye akavifanya. Pistoni alizisubu mwenyewe: akiyeyusha madini kutoka vipande vikuukuu na kuyamimina katika kalibu alizozitengeneza kwa makopo matupu. Silinda alijitengenezea. Magurudumu mazito yazungukayo ndani ya injini alijitengenezea. Vile vyuma viunganishavyo pistoni na mhimili, ambavyo mafundi wetu huviita konrodi, alivichonga kutoka kwenye eksili ya trekta, akavilainisha kwa tupa, akavichoma na kuvizimua mpaka vikapata ugumu autakao. Hata mpango wa kupitisha mafuta ya kulainisha aliubuni upya, maana ule wa awali haukukusudiwa injini iendayo kasi namna hiyo. Kipimo chake cha unene wa vitu, kitu ambacho katika viwanda vikubwa huwa ni mikromita ya thamani, kilikuwa ni spoki kuukuu ya gurudumu.

Wale waliowaona mafundi wa majahazi kule Lamu na Matondoni wanajua ninalolisema. Fundi hana karatasi ya ramani. Huifunga kamba jicho, akatazama ubao, akatia tezo, akatazama tena. Lakini ubao wa jahazi una huruma, ukikosea utauziba kwa kalafati ya pamba na sifa, chombo kikaelea. Injini haina kalafati. Pistoni iliyopungua unene wa unywele hupasuka ndani ya silinda, na yule aliyeipanda yuko juu yake.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya valvu. Scout ilipotoka kiwandani, valvu zake, yaani milango midogo ya kuingizia mvuke wa petroli na kutolea moshi, zilisimama ubavuni mwa silinda. Mvuke uliingia kwa kupinda kona, na kila kona ni pumzi inayopotea. Munro alitengeneza vichwa vipya vya silinda akazihamisha valvu zikakaa juu, ili pumzi iingie moja kwa moja na itoke moja kwa moja. Kwa mtu asiyekuwa mhandisi wa chuoni, asiyekuwa na kiwanda, hilo ni sawa na mtu kujipasua kifua akajirekebisha moyo. Tena hakulifanya mara moja. Alilifanya, likavunjika, akalifanya tena. Ujazo wa injini ukapanda kutoka 600 hadi kufikia 950 katika siku zake za mwisho, na mbavu ni zile zile za 1920.

Vilivyovunjika hakuvitupa. Alivipanga rafuni katika banda lake, pistoni zilizotoboka, konrodi zilizopinda, valvu zilizokatika vichwa, na juu yake akaandika kuwa hizo ni sadaka zake kwa mungu wa kasi. Hapa, wasomaji wangu, mimi niliyepita chuoni nikafundwa mapema kwamba sadaka haitolewi ila kwa Mola mmoja, nasema astaghfirullah. Najua yeye alifanya mzaha, na kwa desturi za kwao mzaha huo hauna uzito. Kwetu hauvuki, wala mimi siuvushi. Lakini rafu yenyewe, nikiiondolea yale maandishi, naipenda. Sisi tulio wengi makosa yetu huyafukia usiku. Yule alikuwa akiyatazama kila asubuhi akiingia kazini.

Akashindana katika kila namna ya shindano lililokuwako: kupanda vilima, mbio za barabara, mbio za mchangani. Uwanja wake mkubwa ulikuwa pwani ya Oreti, karibu na Invercargill, ambapo maji yakitoka huacha mchanga mpana mgumu uliolala sawa kwa maili nyingi. Mtu wa Malindi au wa Kiwayuu ataufahamu mchanga huo bila kuelezwa. Alianza kuweka rekodi za nchi yake mwaka 1938. Januari 1940 alikwenda kilomita 194 kwa saa barabarani, rekodi iliyosimama miaka kumi na miwili. Februari 1957, akiwa na miaka hamsini na saba, alikwenda kilomita 211 kwa saa juu ya mchanga wa Oreti.

Maumivu nayo hayakuwa haba. Alianguka Australia mwaka 1927, akapoteza fahamu katika ajali nyingine mwaka 1932, akang'oka meno katika mgongano wa pwani mwaka 1937, akachunika vibaya na kupoteza kiungo cha kidole mwaka 1959. Na kila alipopona alirudi kwenye jiliwa na tupa yake. Pembeni alikuwa na pikipiki nyingine, Velocette ya mwaka 1936, ambayo nayo aliibadilisha hivyo hivyo. Nadhani alikuwa akiiendea huyu anapogombana na yule, kama wafanyavyo wenye wake wawili, ingawa wa kwanza hakupoteza zamu yake hata siku moja.

Nimetaja wake, na hapa ndipo dada yangu aliponishika. Aliuliza: na mke wa kweli je? Sikuwa na la kuficha. Munro alimwoa Florence Beryl Martyn mwaka 1925, wakapata watoto wanne, John, June, Margaret na Gwen. Mwaka 1947 waliachana. Baada ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1940, aliacha kazi ya mshahara, akahamia katika banda la gereji, kitanda chake upande mmoja na pikipiki upande wa pili. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kuna kipindi cha miaka kumi alichofanya kazi saa kumi na sita kila siku, na Krismasi akijipa mapumziko ya alasiri tu.

Saa kumi na sita! Mimi ni mtu ninayeshinda na beti moja mpaka taa ya mafuta ikanizimikia, na katika ujana wangu nimelala nimekunja shairi chini ya mto huku watu wa nyumbani wakiningoja chakulani. Kwa hiyo sina ubavu wa kumhukumu mzee huyu kama vile ningekuwa mkamilifu. Hata hivyo haki ya mke ni haki, na haki ya mtoto ni haki, na mwenye kuzitimiza haziwezi kumshtaki. Dada alilipokea neno hili kwa furaha, akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama kikombe.

Sasa twende Marekani. Katika jimbo la Utah kuna uwanda uitwao Bonneville, ambao zamani za kale ulikuwa ziwa kubwa. Ziwa likakauka, likaacha chumvi. Waliofika Gongoni na Ngomeni, kupita Malindi, wameona mabwawa ya chumvi yanavyong'ara adhuhuri mpaka mtu afumbe jicho. Basi fikirini weupe huo ukitandikwa juu ya eneo linalozidi kilomita mraba mia moja, bila mti, bila jiwe, bila nyumba. Majira ya baridi maji huusimamia, na kiangazi yakikauka uso wake hukaza kama saruji. Kila mwezi wa Agosti, chumvi ikiwa nzuri, wapenda mbio hukusanyika hapo kutoka kila upande.

Munro alikwenda huko mara kumi. Mara ya kwanza alikwenda kutazama tu, kama mtu aendaye kuposa asiseme neno. Mara tisa zilizobakia alikwenda kushindana. Kufika ilikuwa kazi peke yake: pesa ya kudunduliza, bahari ya kuvuka, gari kuukuu la bei ndogo la kuvutia mzigo jangwani, na moyo ambao daktari amekwisha uona kuwa mgonjwa, kwa kuwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa na maradhi ya kubanwa kifua. Jina lake pia lilikuwa limegeuzwa na Wamarekani. Kwao aliitwa Bert, kwa herufi e. Mwaka 1957 gazeti moja la Marekani likakosea likaandika Burt, naye badala ya kulalamika akalichukua kosa lile likawa jina lake. Sisi tunaoandika magazetini na tukasahihishwa kila wiki tunatamani wasomaji wote wangekuwa hivyo.

Inafaa mfahamu jinsi rekodi inavyopimwa, maana mbele tutaihitaji hesabu hiyo. Haitoshi mtu kupita mara moja kwa kishindo. Hupita kwenye masafa yaliyopimwa akienda upande mmoja, kisha, kabla ya muda uliowekwa kwisha, hurudi akipita masafa yale yale kwa upande wa pili. Mbio mbili hizo hujumlishwa zikagawanywa kwa mbili. Hivyo kama upepo ulimsukuma kwenda, utampinga kurudi, na hapati mtu cha bure.

Mwezi Agosti 1962, Munro, mzee wa miaka sitini na mitatu, alijilaza kifudifudi ndani ya ganda refu la kupasulia upepo alilolivika pikipiki yake, injini ikiwa na ujazo wa 850, akaweka rekodi ya dunia ya daraja hiyo kwa kilomita 288 kwa saa. Ndani ya lile ganda hapana nafasi ya kugeuka, na paipu ya moshi ilimuunguza mguu njia nzima. Mwaka 1966 aliweka rekodi ya pili, katika daraja ya injini zisizozidi 1,000, kwa kilomita 270. Injini ile iliyotoka kiwandani ikienda 89.

Mwaka 1967 ndio uliokuwa mwaka wake. Alikuwa na miaka sitini na minane, injini imefika 950. Katika mbio moja ya kujipatia nafasi, upande mmoja tu, alipimwa akienda kilomita 305.89 kwa saa, na hapajawa na Indian nyingine ya umri huo iliyoandikwa rasmi kuwa imekwenda zaidi. Kisha katika mbio za rekodi zenyewe, kwenda na kurudi, akaandikiwa kilomita 295.45 kwa saa.

Mwaka huo huo alinusurika. Katikati ya mbio pikipiki ilianza kuyumba kichwa, kushoto na kulia, na kwa kasi ile hakuna breki ya kuitumainia. Akaona ajiinue kifua ili upepo umpunguze. Upepo ukamng'oa miwani na kumpiga machoni hata asione kitu. Akaipita nguzo ya chuma ya alama kwa inchi chache, akailaza mashine ubavu, wakaburuzika pamoja juu ya chumvi. Alipoulizwa hali, ikawa ni michubuko tu. Chumvi ndani ya kidonda kibichi nyinyi mnaijua wenyewe.

Lile ambalo naona watu hulisahau ni kuwa jirani zake pale chumvini walikuwa na mashine mpya kutoka makampuni makubwa, na watu wengi wa kuwasukuma. Yeye alikuwa na ya 1920. Wangalikuwa na haki ya kumcheka, na mwanzoni wapo waliomcheka. Lakini mafundi wana adabu yao. Wakiinama wakaona kichwa cha silinda kilichofanywa kwa tupa, kicheko huisha, na mara mtu huleta spana, mwingine plagi, mwingine kivuli cha kumkalisha mzee. Hivyo ndivyo alivyopokewa Munro, na alikuwa na marafiki Marekani mpaka alipokoma kwenda.

Mapema katika miaka ya 1970 kijana mmoja mtengeneza filamu, Roger Donaldson, alimpiga picha za maisha yake pale bandani na huko chumvini. Afya ilikuwa ikimtoka. Mwaka 1977 alipatwa na kiharusi, akatambua mikono haimtii tena, na fundi asiyetiiwa na mikono hana haja ya kuelezwa jambo. Aliziuza pikipiki zake mbili kwa mfanyabiashara wa mji wake, kwa kuwa alitaka zibaki Invercargill. Tarehe 6 Januari, 1978, moyo ukasimama, akiwa na miaka sabini na minane.

Mwaka 2005 Donaldson alirudi kwenye habari ile akaifanya filamu kubwa, na mchezaji mashuhuri Anthony Hopkins akawa Munro. Filamu ni nzuri, lakini imezikunja safari nyingi zikawa safari moja, na mtu akitoka hapo atadhani mzee aliondoka kwao, akashinda, akarudi. Miaka ishirini ya kuvunja na kuunda haikai katika saa mbili. Mwaka uliofuata, 2006, Wamarekani wakamwingiza katika orodha ya watukufu wa pikipiki, na Invercargill wakaanzisha mashindano ya kila mwaka yaitwayo kwa jina lake.

Pikipiki yake iliishia katika duka la vyuma la familia ya Hayes, pale pale Invercargill. Si jumba la makumbusho lenye askari mlangoni. Ni duka. Mtu huingia kununua misumari na rangi ya ukuta akaikuta Indian ya 1920 katikati ya bidhaa, na ile rafu ya vyuma vilivyovunjika nayo ipo. Nililipenda hilo kuliko habari ya filamu.

Nakuja kwenye jambo la mwisho, ambalo ndilo lililomfanya dada yangu aache kuangalia saa. Mwaka 2014, miaka thelathini na sita baada ya mzee kuzikwa, mwanawe John alikuwa akizipitia zile karatasi za mbio za 1967. Yule mtoto wa yule baba wa saa kumi na sita kwa siku. Akaziona mbio mbili zimeandikwa kwa maili, moja 184.710 na ya pili 183.463. Akazijumlisha, akagawa kwa mbili. Jibu halikuwa lile lililoandikwa katika rekodi. Rekodi ilisema 183.586, na hesabu ya kweli ni 184.087. Mtu mmoja alikuwa amekosea kugawa, na kosa likakaa karibu nusu karne bila mtu kulitazama. John akawapelekea habari wenye chama cha pikipiki cha Marekani, wakaipiga hesabu upya, wakaona ni kweli, wakairekebisha. Kwa kilomita ni 296.26 kwa saa badala ya 295.45. Tofauti haifiki kilomita moja. Ndiyo iliyoandikwa sasa.

Dada alikaa kimya kidogo, akauliza huyo John alikuwa na umri gani wazazi walipoachana. Mimi nikasema adhana inaadhiniwa, twendeni.

Mpwa wangu amekwisha ifungua silinda. Pistoni imeganda ndani, haitoki, na ya kununua haipatikani. Jana kaja kuniomba karai la chuma, anataka kuyeyusha pistoni kuukuu alizookota gereji tatu tofauti, na kafunga makopo manne ya maziwa kwa waya yawe kalibu. Nimempa karai. Mama watoto bado hajalitafuta.